Boma la Nyasuguta na Boma Letu

Jumatatu, 30 Juni

Wanafunzi wamerudi kutoka mapumziko mafupi. Matata nayo yamerudi nao.

Mzazi mmoja alimkuta binti yake kitandani akisoma riwaya ya Boma la Nyasuguta. Akapiga picha ukurasa ule ambapo Nyasuguta, mjane asiye na mtoto wa kiume, anafika kwa wazazi wa msichana aitwaye Robi na ng'ombe wake na kusema amekuja kutafuta mke. Picha ikaingia kwenye grupu ya wazazi. Kufikia asubuhi nusu ya Homa Bay ilikuwa inajua kwamba mwalimu Rael wa Kiswahili anafundisha wasichana ushoga. Mimi! Mimi ambaye hata kubadilisha mtindo wa nywele naogopa.

Madam Phelesia, mwalimu mkuu, aliniita ofisini. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Rael nyathina, mwanangu," akasema, "hii kitabu nilikubali isomwe kwa chama cha fasihi juu yako. Sasa wazazi wananiuliza mimi. Niwaambie nini?"

Vitabu vitafungiwa stoo kesho jioni. Ijumaa bodi inakaa. Niandike uchambuzi — maudhui, wahusika, mbinu, kila kitu — nieleze riwaya hii inafundisha nini. Na nisisahau kwamba mimi ni mwalimu wa bodi, serikali haijaniajiri. Hilo la mwisho hakulisema. Aliliangalia tu faili langu mezani.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Kwamba kwetu Kuria jambo hili lina jina, nyumba ntobu, na halihusiani hata kidogo na wanawake wawili kupendana? Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wake, anaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Kama mama mkwe anavyomleta mke wa mwanawe, ila mwana mwenyewe hayupo. Watoto wa yule msichana, awazae na mwanamume yeyote, ni wa nyumba ile. Jina ni la nyumba ile. Shamba linabaki. Basi, ni hivyo tu.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Nyanya Bitutu alimwoa mama yangu.

Sijawahi kuliandika. Kulisema pia, huku ziwani, sijawahi.

Jumanne, 1 Julai

Kipindi cha mwisho na kitabu. Wasichana walijua, kwa hiyo walikuwa wameketi wima kama wako kanisani.

Nilipanga tuzungumzie msimulizi. Nikauliza: nani anatusimulia hadithi hii? Nafsi ya tatu, wakajibu. Anajua mambo ya wote? Wote, mwalimu! Ndipo Lynnet akainua mkono. Lynnet wa kidato cha tatu, baba yake anauza samaki wa mbuta pale sokoni, yeye mwenyewe hucheka kila kitu. Leo hakucheka.

"Mwalimu, mbona Robi haongei?"

"Anaongea," nikasema.

"Wapi? Nyasuguta anaongea. Mashemeji wanaongea. Hata yule wa kuchunga ng'ombe ako na maneno yake. Robi tunaambiwa tu 'Robi aliitikia kwa kichwa.' 'Robi alikubali.'"

Mwingine nyuma: "Pengine ni bubu." Darasa likaangua kicheko.

Nilifungua kitabu. Nikapekua, wasichana wananitazama. Ni kweli. Hana hata sentensi moja ya usemi halisi. Yote ni taarifa, na taarifa yenyewe imepitia kwa Nyasuguta. Msimulizi anajifanya anajua moyo wa kila mtu, lakini amesimama begani kwa huyo Nyasuguta tangu mwanzo hadi mwisho. Nimekisoma kitabu hiki mara ngapi? Na sikuliona.

"Ni mbinu," Lynnet akauliza, "ama mwandishi alimsahau?"

Nikasema hilo ni swali zuri sana, liwe kazi ya kufanyia bwenini. Mwalimu akibanwa hutoa kazi ya ziada. Wakaandika. Kisha tukakusanya vitabu, nikavihesabu mbele ya karani wa stoo, akafunga kufuli.

Jumatano, 2 Julai

Nimepiga simu nyumbani. Mama alishika, akasema Nyanya anakataa uji, anataka nyama. Nyanya ambaye hana meno! Mama akamwekea simu sikioni.

"Umekula?" Nyanya akauliza. Ndilo swali lake tangu niko shule ya msingi. Nikasema nimekula. "Umekula nini?" Nikadanganya samaki, ili afurahi. Akasema huko kwa Wajaluo nisirudi na mwili mdogo, watu watasema amenipeleka kwa njaa.

Alinisomesha kwa tumbaku yake. Mikono yake ilikuwa ya njano hadi kwenye viwiko. Wasichana wa rika langu wakipelekwa kukeketwa, yeye alinificha kwa dada yake kule Ntimaru na akawatukana wazee hadharani. Mwanamke mkali. Mtu akisema neno baya juu ya nyumba ya namna hii, mimi namwona huyu. Namwona na kisu chake cha tumbaku kiunoni.

Mama hakusema mengi kwenye simu. Kwani husema lini?

Alhamisi, 3 Julai

Uchambuzi. Nimeandika siku nzima, vipindi nimewapa wasome kimya.

Mandhari: boma, zizi, shamba la tumbaku. Jazanda: moto wa jikoni ambao Nyasuguta anaufukia kwa majivu kila jioni usizimike, kwa kuwa nyumba isiyo na mwana ni nyumba ambayo moto wake utazimwa na shemeji. Kinaya: kijiji kinamcheka kwa kukosa mwana, kisha kinamcheka kwa kumtafuta. Maudhui: mwanamke na haki ya kuwa na kwake. Hapa niliandika vizuri, nakiri. Akilini nilimwona hata Mzee Job wa bodi akitikisa kichwa kwa kukubali.

Kisha nikafika kwa Robi. Niliandika: "Robi ni mhusika mtulivu na mtiifu. Anapokelewa kwa upendo na anaikubali nyumba yake mpya kwa furaha." Nikatafuta ukurasa wa kuthibitisha hiyo furaha. Hakuna. Nikaiacha sentensi ibaki. Bodi haiangalii kurasa.

Jumatano, 9 Julai

Siku nyingi sijaandika. Nyanya amefariki.

Nianze na Ijumaa. Bodi ilikaa saa nne. Mwenyekiti Mzee Job, afisa mstaafu, mpole kama kawaida. Bwana Willis, mwakilishi wa wazazi, na ile picha kwenye simu yake akiipitisha kama kielelezo cha mahakamani. Uchambuzi wangu ulikuwa mezani, mtu ameuwekea kikombe cha chai juu.

"Madam, sisi hatupingani na English yako ya fasihi," Bwana Willis akasema, na nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili. "Sisi tunauliza tu. Mwanamke kuoa mwanamke, hiyo ni nini? Biblia inaita nini?"

Huyu Bwana Willis alirithi mke wa marehemu kaka yake, na maboma yote hapa yanajua, na hakuna aliyeitisha kikao. Nyani haoni kundule. Nilitaka kulisema. Badala yake nikajisikia nasema:

"Mimi nimezaliwa katika nyumba kama hiyo."

Madam Phelesia akaanza kuvunja biskuti yake vipande vidogo. Nikaeleza — ng'ombe, jina, shamba. Nikasema nyumba yetu haikuwa na uchafu wowote, ilikuwa na upendo. Nikasema mama yangu aliletwa akapokelewa kama binti.

Mzee Job akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hivyo, mwalimu, baba yako ni nyanya yako?"

Mtu akacheka puani. Hakukusudia ubaya, Mzee Job. Alitaka kuelewa. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Walipokuwa wanaamua — vitabu viondolewe shuleni, na mkataba wangu "tutauangalia muhula ukiisha" — simu ilikuwa inatetemeka mapajani. Stanley. Kaka yangu hanipigii mchana. Nilijua kabla sijatoka nje.

Sikuwahi kumwambia Nyanya kwamba nilikula dagaa siku ile, si samaki mkubwa. Mambo ya kijinga ndiyo hukaa kichwani.

Niko nyumbani sasa, karibu na Kehancha. Mama ndiye aliyemwosha. Hajalia.

Alhamisi, 10 Julai

Mazishi Jumamosi. Leo tumeketi kupanga programu: mimi, Stanley, na Baba Mdogo Maranga, mtoto wa shemeji yake Nyanya. Stanley ana kanisa lake dogo kule Awendo, na askofu wake atakuja kuhubiri. Ameandika wasifu wa marehemu tayari. Ameuandika kwenye simu, akanisomea.

"Marehemu Bitutu aliolewa na Mzee Maroa. Hawakujaliwa mtoto wa kiume. Alimlea binti yatima ambaye ndiye mama Stanley."

"Yatima?" nikasema. "Mama alikuwa na wazazi wote wawili. Babu, baba yake, alikufa juzi tu!"

"Rael, saa hii kila mtu ako na simu. Mtu akirekodi eti nyanya ya pastor alioa mwanamke, aweke TikTok, kanisa yangu imeisha. Wewe mwenyewe si wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Bado."

Baba Mdogo Maranga alikuwa anakunywa chai yake kwa raha. Akasema wasifu ni mzuri, mfupi, wa Kikristo. Usiguswe. Hapo nikashtuka. Lini huyu mtu ameanza kujali Ukristo?

Nikamvuta Stanley hadi zizini. Nikamwambia: fikiria. Wasifu ukisomwa mbele ya wazee na hakuna aliyepinga, ndio ukweli wa ukoo. Mama akiwa mtoto wa kulea, basi Nyanya hakuwahi kuoa. Kama hakuoa, nyumba haina mwana. Na wewe Stanley Maroa ni mtoto wa nani? Wa binti wa kulea — mpwa, mgeni! Shamba linakwenda kwa nani?

Stanley akageuka, akamtazama Baba Mdogo Maranga kupitia miti ya ua. Yule mzee akainua kikombe kutusalimu.

Kaka yangu ni mtu mzuri. Aibu ndiyo iliyomfunga macho. Alikuwa karibu kujifuta mwenyewe kwa mkono wake, huku anasema amina. Alikaa chini pale kwenye mavi ya ng'ombe na suti yake, akalia. Nami nikalia. Ndiyo mara ya kwanza tumemlilia Nyanya pamoja.

Akasema, "Andika wewe. Wewe ndiye mwalimu. Lakini andika vizuri, askofu asione vibaya."

Ijumaa, 11 Julai

Nimeandika vizuri. Asubuhi yote nilikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba.

"Mwaka huo marehemu, kwa mila za Abakuria, alitoa ng'ombe akaoa mke kwa ajili ya nyumba yake. Mama yetu alipokelewa kwa upendo na furaha, wakaishi kama mama na binti. Nyumba ikapata watoto, Stanley na Rael." Na kadhalika. Tumbaku, karo, ukali wake, imani yake. Stanley alisoma akasema askofu ataelewa. Ni mila, haina dhambi, imeandikwa kwa heshima. Akanikumbatia.

Mchana nikamsomea Mama. Hajui kusoma, na hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote wiki nzima isipokuwa sukari iko wapi. Alikuwa anachambua maharagwe ya wageni. Nilimsomea kwa Kikuria, natafsiri nikienda.

Alisikiliza hadi mwisho. Mikono haikusimama.

"Nani huyo alipokelewa kwa furaha?" akauliza.

"Wewe, Mama."

"Mimi nililia." Akatupa punje mbovu pembeni. "Nililia kutoka kwetu mpaka hapa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nasoma darasa la nne kwa sababu nilianza nikiwa nimechelewa. Nilitoroka mara mbili. Mara ya pili nilifika kwetu, nikalala jikoni kwa mama yangu. Asubuhi baba akanirudisha mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda kumwolea kaka yangu mke. Angewatoa wapi?"

Nikauliza swali la mtoto: "Na Nyanya?"

"Nyanya yako hakuwahi kunipiga. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini. Uchungu wa Stanley uliponishika alinibeba mgongoni mpaka kwa mkunga. Nimemwosha kwa mikono hii na sikumchukia." Akatupa punje nyingine. "Lakini hakuniuliza. Na baba hakuniuliza. Na wewe umeandika bila kuniuliza."

"Nilitaka watu waiheshimu nyumba."

"Iheshimiwe. Ila kama huwezi kuandika kwamba nililia, usiniandike. Niondoe hapo."

Akasimama, akabeba sinia la maharagwe, akaenda zake jikoni. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira.

Nimekaa hapa hadi kivuli kimehama. Nilisimama mbele ya wazee wa bodi nikamtetea Mama. Nilidhani nimemtetea! Bwana Willis alisema nyumba ni chafu, mimi nikasema nyumba ina upendo, Stanley akasema haikuwepo. Watu watatu tumebishana juu ya mwanamke huyu na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza. Lynnet alinipa swali mkononi nikampa kazi ya ziada.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi. Hema limejaa, watu wa spika wanajaribu maiki, wanasema tu, tu, tu. Nimejificha chumbani kwa Nyanya. Harufu yake bado iko kwenye blanketi.

Nikimwondoa Mama, Baba Mdogo Maranga ameshinda. Wazee wa ukoo wameshaketi mstari wa mbele, yeye katikati yao. Hakuna mke, hakuna nyumba. Nikimwacha alivyo, na furaha yangu niliyomtungia, nimemziba mdomo mchana kweupe, mbele ya jeneza, yeye mwenyewe akisikia. Nikiandika alivyosema — mtoto wa miaka kumi na mitano, alilia, alitoroka, alirudishwa — basi askofu ataondoka, na kesho Maranga yuko kwa chifu akisema hiyo haikuwa ndoa, hilo lilikuwa kosa la jinai. Na hatakuwa amesema uongo! Hilo ndilo linalonitoa jasho.

Na Nyanya je? Mtu aliyenificha Ntimaru nisiguswe. Yeye alimnunua Mama, eh, nimeliandika, alimtolea ng'ombe mtoto wa mwenzake aliyekuwa analia. Huyo huyo. Mtu mmoja. Wanafunzi huniuliza, mwalimu, huyu ni mhusika mwema au mbaya? Huwaambia waandike hoja za pande zote mbili, alama kumi kila upande.

Nimeanza karatasi mpya.

"Marehemu Bitutu alimwoa mama yetu kwa ng'ombe. Mama alikuwa na miaka kumi na mitano. Alilia njia nzima. Alitoroka mara mbili akarudishwa. Marehemu alimpa kitanda chake, akalala chini."

Nimesoma tena na tena. Kila neno ni la kweli na kila neno linamwangukia Nyanya, naye yuko pale nje kwenye sanduku, hawezi kujitetea. Nisome hivi? Mimi, mjukuu wake?

Kupitia dirishani namwona Mama. Amevaa leso mpya ambayo Stanley alimletea, amekaa kando ya jeneza, mgongo umenyooka. Watu wanampa mkono, anaitikia kwa kichwa.

Stanley amebisha. Askofu amefika, anataka kupitia wasifu kabla ya ibada. Nimesema ngoja kidogo. Amesema, "Rael, tafadhali, wanangoja." Kuna mtu naye mlangoni. Baba Mdogo Maranga — namjua kwa kikohozi chake. Anauliza polepole, kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Huyo mama yenu, mmemwandika vipi?"

Stanley hajui. Ananiita tena. Karatasi zote mbili ziko hapa juu ya blanketi na mlango huu hauna komeo, unasukumwa tu, na sasa unafunguka —